Ndugu wa Magonjwa Mawili

Mpofi, tarehe 14 Januari 2024

Kaka Gatera,

Amani ya Bwana ikukute kilimani pamoja na Epiphanie, watoto na Mama yetu Mukabaranga. Mwambie Mama kile kitenge alichonipa siku ya harusi bado nakivaa, ingawa Michel mume wangu anasema kimebaki nyuzi na kiburi. Sisi hapa tuko wazima. Cindy ameingia darasa la tano na amejua Kifaransa cha kunijibu vibaya. Muhogo umeoza kidogo kwa mvua, lakini hatulali njaa. Mtandao haujarudi tangu mnara upigwe risasi, kwa hiyo nimerudi kwenye kalamu kama enzi za Baba. Barua hii anaileta Gentil, motari wetu wa pikipiki, hadi soko la Kalembe. Wauza maziwa watakupandishia.

Sasa neno lenyewe. Nimesikia umemfunga mdogo wetu Muhire. Gentil hakutaka kusema. Nilimbana kwa chai na maandazi mpaka akalegea: "Mama Cindy, mudogo yenu banamufunga munyororo mu nyumba ya ndama. Mengine usiniulize." Sikumuuliza mengine. Hasira niliyonayo kwa hayo inanitosha.

Mnyororo, Gatera! Ule wa fahali? Najua Muhire alivyo tangu aiache bunduki na kutoka porini. Anasikia watu wakimtukana sikioni, anakunywa kanyanga, ile pombe kali, ili wanyamaze, na akinywa wanaongezeka. Lakini ni mtoto wa tumbo moja na sisi.

Sikiliza, na usicheke. Tangu Agosti nina kazi. Pale kituo cha afya kuna muuguzi, Mama Adelaïde, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kamanda, ameunda kikundi cha watu watano tunaoitwa wasindikizaji. Kila mmoja ana wagonjwa wanane, hawazidi, na wote ni watu wa magonjwa mawili katika mwili mmoja, kichwa na chupa. Unajua jinsi watu hao wanavyozungushwa. Chumba cha maombi kinasema aache pombe kwanza ndipo tumwombee. Hospitali inasema atulie kichwa kwanza ndipo aje. Anabaki katikati ya njia, na huko katikati ndiko watu wanakomuua. Sisi tunayachukua yote mawili siku moja. Tunamfuata mtu alipo, kila siku, nyumbani, sokoni, kwenye kabare ya pombe, mbele ya chifu akishitakiwa. Akinywa hatumfukuzi. Akitupiga tunarudi kesho. Na nimejifunza jambo ambalo sikulijua: mtu aliyezoea kanyanga miaka mingi hakatizwi ghafla. Ukimnyang'anya leo, siku ya tatu anatetemeka, anaona vitu visivyokuwepo, na anaweza kufa ama kuua.

Mgonjwa wangu wa kwanza ni Tuyizere, alichimba mawe kwenye mgodi wa Bisie miaka sita. Siku ya kwanza aliniuma mkono mpaka meno yakakutana ndani ya nyama. Siku ya pili alinirushia sufuria ya maji ya moto. Siku ya kumi na tisa aliniuliza jina langu. Bado anakunywa, lakini anapika maharagwe yake mwenyewe, na tangu Novemba hajampiga mtu.

Nipe Muhire. Ng'ombe haelemewi na nunduye, kaka. Na Mama atie alama yake chini ya barua yako kama desturi yake, kile kikombe anachochora kwa mkono wa kutetemeka.

Dada yako anayekupenda na kukukasirikia,
Mukundwa


Kilimani, Masisi, tarehe 2 Machi 2024

Mukundwa,

Barua yako ilifika tarehe 11 Februari ikinuka maziwa. Tumeisoma. Epiphanie amejifungua mtoto wa kike, wote wazima. Nyasi ni nzuri. Watu wa bunduki wamepita mara mbili, wakala ndama mmoja na kutuachia baraka zao. Jirani yetu Munyakazi, yule mkulima wa bondeni, amevuna viazi vingi na majivuno zaidi. Mama anapumzika.

Kuhusu mnyororo, jibu ni ndiyo. Nimemfunga mimi, na ufunguo ninalala nao.

Kwa kuwa unataka kujua, nitakwambia. Kabla ya mwaka mpya, saa ya kukamua ya jioni, jua bado liko juu ya mlima, Muhire alimpiga Bihogo, ng'ombe wetu. Alimpiga kichwani kwa mchi wa kutwangia, mara mbili. Bihogo alianguka kwa magoti. Aligeuza kichwa akamtazama, hakupiga kelele. Muhire akampiga mara ya tatu. Hayo aliyaona Epiphanie; mimi nilikuwa mtoni na ndoo, nikarudi nikakuta damu imefika kizingitini na yeye amesimama juu yake, anatetemeka mwili mzima, anasema "Si yeye, si yeye." Unajua Bihogo alikuwa nani katika nyumba hii. Alitulea sote watatu. Sitaandika zaidi.

Na hiyo kazi yako mpya, nimecheka ingawa ulinikataza. Akinywa hamumfukuzi? Basi hiyo ni kabare yenye muuguzi. Na jina lenyewe! Mgeni anasindikizwa hadi mtoni, kisha mwenye nyumba anarudi kula. Wewe utamsindikiza Muhire hadi mto gani? Mtu huyu ana mikono ya kuulia. Nakuambia kama mkubwa wako: achana naye. Una mume, una Cindy.

Kikombe cha Mama hakimo kwa sababu kalamu inaisha wino.

Gatera


Mpofi, tarehe 20 Machi 2024

Kaka Gatera,

Hongera kwa binti, na Epiphanie apewe supu ya kuku kila siku, si ya maneno. Hapa Michel ameugua malaria akapona, Cindy ameanguka mtihani wa hesabu akapona haraka zaidi.

Pole kwa Bihogo. Nililia, sikufichi, nikakumbuka mgongo wake wenye joto tulipokuwa tunaegemea asubuhi za baridi. Lakini ng'ombe ni ng'ombe, Gatera! Tangu lini mtoto wa Mama akafungwa mnyororo kwa ajili ya ng'ombe? Mama mwenyewe anasemaje? Nani anampelekea Muhire chakula? Anaenda haja wapi? Mbona unaniandikia habari za majivuno ya Munyakazi na huniandikii hayo? Na hiyo kalamu iliyoisha wino iliwezaje kuandika jina lako?

Umekataa kumshusha, basi nimefanya kosa kwa ajili yako. Ndani ya bahasha kuna vidonge ishirini na nane vya kutuliza kichwa. Kimoja asubuhi, kimoja jioni, wiki mbili. Mama Adelaïde hajui. Yeye anasema dawa haitumwi kwa mtu ambaye macho yetu hayajamwona. Nimevitoa kabatini mwenyewe, Mungu anisamehe. Kanyanga usimkatize, mpunguzie kidogo kidogo.

Msalimie Mama. Kikombe chake nakidai bado.

Mukundwa


Kilimani, Masisi, tarehe 5 Mei 2024

Mukundwa,

Nimechelewa kwa sababu wiki mbili nilikuwa siwezi kugeuza shingo, na wiki mbili nyingine Kalembe ilikuwa inapigwa risasi. Mtoto ananyonya vizuri. Hizo ndizo habari njema, zimekwisha.

Uliandika asubuhi na jioni. Hukuandika namna ya kumpa. Muhire alitema kidonge cha kwanza na cha pili, basi nikavisaga kwa jiwe, nikavikoroga ndani ya maziwa, nikampelekea. Nikasahau sisi ni watu wa wapi. Mtoto wa milima hii anafundishwa kabla ya kutembea kwamba anayempa mtu kinywaji huonja kwanza, mpewaji aone koo likimeza, ajue hakuna sumu ya karuho ndani. Munyakazi akinipa pombe ya ndizi huonja, na Munyakazi hanipendi. Mimi nilimpa ndugu yangu kikombe nikakaa kumtazama.

Akasema, "Onja kwanza, kaka."

Nikamwambia, "Weye kunywa tu. Iko maziwa ya nyumbani."

"Kama iko ya nyumbani, juu ya nini hauonje?"

Ningeweza kuonja. Tone moja tu la maziwa! Lakini nilijua kilichomo, mkono ukasita, na yeye akauona mkono. Akarusha kikombe. "Karuho! Munaniua juu ya ngombe!" Kabla sijainuka mnyororo ulikuwa umenizunguka shingo mara mbili na goti lake liko mgongoni mwangu. Alivuta. Nilisikia kitu kikikatika ndani ya koo. Nilijikojolea, Mukundwa, nakuandikia hata hilo. Epiphanie aliingia na mti wa kufungia mlango akampiga mkononi, mfupa ukalia, hakuachia. Akampiga kichwani, akaachia.

Nilipopata pumzi nilimpiga mtu ambaye tayari alikuwa chini. Nilimpiga mateke ya mbavu na ya uso mpaka Epiphanie akanivuta kwa mkanda. Sikuwa naitetea shingo yangu. Nilikuwa nalipiza. Nalipiza nini, niache.

Sasa mlima mzima umesikia neno karuho. Nusu wanasema nilitaka kumwua mdogo wangu nibaki na mifugo peke yangu. Nusu nyingine walikuja juzi mchana na majembe, Munyakazi mbele yao. "Gatera, uyu atamaliza na wengine. Kama weye unaogopa, utupe ufunguo." Nilimjibu kwa fimbo ya ng'ombe. Ametema meno mawili kwenye nyasi zangu. Walirudi nyuma, lakini wamesema mavuno ya maharagwe yakiisha watakuja wengi, na hawataomba ufunguo.

Umeshinda. Mchukue.

Gatera


Mpofi, tarehe 24 Mei 2024

Kaka,

Sisi wazima. Shingo yako ndiyo naiwaza nikipika, nikiosha, nikisali.

Kosa ni langu kabla ya kuwa lako. Jambo la kwanza tunalofundishwa ni kwamba dawa inakaa katika kiganja kilicho wazi, mgonjwa anaambiwa ni nini na ni ya nini, akikataa inarudi kesho. Hakifichwi kitu ndani ya kitu. Mimi nililijua hilo na sikuliandika, kwa sababu nilikuwa naiba na mwizi huandika haraka. Nimemwambia Mama Adelaïde yote. Alinitukana kwa lugha tatu, akanisimamisha kazi wiki mbili, kisha akachukua kitabu akaandika jina la Muhire mahali pa mtu wangu wa nane.

Nakuja mwenyewe. Msindikizaji hangojei mlangoni. Ijumaa tarehe 7 Juni nitakuwa Kalembe kwa Gentil. Mwogeshe. Mpe kanyanga yake kidogo kabla ya kutoka, asitetemeke njiani. Usimfunge kwenye mti. Ikibidi afungwe, mfunge kwako.

Na kwa kuwa nitakuwa nimefika Kalembe, nitapanda hadi nyumbani nimsalimie Mama. Nina chumvi na sabuni yake.

Mukundwa


Kilimani, tarehe 31 Mei 2024

Mukundwa,

Wote wazima. Usipande. Njia ya juu ina watu wa bunduki, na Mama hapokei wageni. Nitamleta Muhire Kalembe. Chumvi mpe Gentil.

Gatera


Mpofi, tarehe 14 Julai 2024

Gatera,

Sikusalimii vizuri leo, utanisamehe. Michel ana jicho lililovimba, Cindy hajambo, mimi nina mfupa wa bega uliopasuka.

Nilifika Kalembe saa nne asubuhi. Nikamkuta Muhire amefungwa kamba kwenye nguzo ya nyumba ya Gentil kama gunia linalongoja lori, na wewe umeshaondoka. Hukuweza kungoja saa moja umtazame dada yako usoni! Ndevu zake zilikuwa na chawa. Mkono uliovunjika umeunga vibaya. Alinitazama akauliza, "Weye njo Mukundwa ao njo ile ingine inavaa sura yake?" Nikamwambia achague, mimi nimechoka vyovyote vile. Akacheka. Basi nikajua bado yumo.

Kwenye bariere, kile kizuizi cha watu wa bunduki kabla ya Mpofi, walikuwa watatu. Waliitazama sura yake, wakamnusa, wakamshusha kwenye pikipiki. Mmoja alitaka kujua kama ni mwenda wazimu wa kweli au ni askari wa wengine anajifanya. Akamwingiza mtutu mdomoni. "Kama iko mwenda wazimu, alambe." Muhire akalamba. Alilamba mpaka mate yakamwagika kifuani, na yule mtu akawa anacheka huku kidole kiko pale pa kufyatulia. Nikatoa kitabu cha kazi nikasema, "Huyu iko mugonjwa wangu. Jina yake iko mu kitabu. Mukimuua munaandika hapa nani amemuua." Akanipiga kitako cha bunduki begani. Nikabaki nimeshika kitabu kwa mkono mwingine. Sijui kama ni kitabu au ni uchovu wao, walituacha.

Sasa yuko kwenye chumba nyuma ya kituo cha afya. Tulimpunguzia kanyanga kwa kifuniko cha chupa, saa maalumu, kila siku kidogo kuliko jana. Na kila mara mimi naonja kwanza, dada yako mlokole, mbele ya macho yake. Michel anasema nitaanza kuimba nikiwa njiani. Dawa ya kichwa naiweka kiganjani. Siku kumi na moja alikataa. Ya kumi na mbili alichukua.

Usidhani ni hadithi tamu. Alimpiga Michel ngumi ya jicho alipomkuta anafunga dirisha. Wiki ya tatu alitoroka akanyakua chupa sokoni, watu wakamwangusha wakaanza kumponda kwa mawe ya mafiga, na mtu mmoja alikuwa ameshaleta petroli. Nililala juu yake. Kuni moja ilinipata mgongoni. Mama Adelaïde alikuja anakimbia na chifu nyuma yake, akasimama juu yetu akitaja majina ya wapigaji mmoja mmoja kwa sauti ile yake, na mama wa kila mmoja, mpaka wakaona aibu wakaangusha mawe. Kesho yake nilimrudisha Muhire sokoni pale pale, akaomba radhi kwa mwenye chupa. Sasa anakunywa siku mbili au tatu kwa wiki, si kila saa. Sauti zimepungua.

Imebaki moja tu. Kila jioni anasema, "Mama eko analia nyuma ya mulango. Umwambie aingie." Nimefungua mlango mara kumi, hakuna mtu. Mama Adelaïde aliniuliza swali dogo: mama yenu anaandika nini? Nikazitoa barua zako zote, na tangu Januari sijaona kikombe. Mficha maradhi, kifo humuumbua, Gatera. Nakuuliza mara moja, kwa wino usioisha. Mama yuko wapi?

Mukundwa


Kilimani, tarehe 18 Agosti 2024

Dada yangu,

Keti kwanza. Michel awe karibu.

Bihogo hakupigwa. Bihogo yuko malishoni sasa hivi, namwona nikiandika. Nilipofika kwenye jina la Mama kalamu ilikataa, nikaandika jina la ng'ombe. Mengine yote katika barua ile ni kweli. Mchi ni kweli. Magoti ni kweli. Alivyogeuka akamtazama bila kupiga kelele ni kweli. Tulimzika tarehe 27 Desemba upande wa Baba. Niliandika kwamba anapumzika, nikajiambia si uongo.

Wiki ile watu wa maombi walipanda hapa. Wakasema pombe ikiondoka pepo ataondoka. Mama akamwaga kanyanga yote ya Muhire nje ya zizi, bidoni nzima, akiimba. Siku ya kwanza alitoa jasho. Siku ya pili alitapika. Siku ya tatu aliona mtu amevaa ngozi ya Mama anamletea maziwa. Wewe uliandika kwamba mtu hakatizwi ghafla, kwamba siku ya tatu anaweza kufa ama kuua. Barua yako ilifika wiki sita baada ya kaburi. Nimeisoma mpaka imechanika kwenye mikunjo.

Nilimfunga ili watu wasimwue. Hilo ndilo ninalosema kwa watu. Lakini kila asubuhi nilipoukaza mnyororo nilisikia raha, na raha hiyo ndiyo iliyonifanya nikimbie Kalembe kabla hujafika. Ungenitazama ungeniona.

Wewe sikukuambia kwa sababu nilijua utamwacha. Nami sikutaka umwache, wala sikutaka umpende. Nilitaka nini, sijui. Kama sasa unataka kumrudisha, mrudishe. Sitakulaumu.

Gatera


Mpofi, tarehe 22 Septemba 2024

Kaka Gatera,

Michel mzima. Cindy mzima, anajua, nimemwambia. Salamu kwa Epiphanie na mtoto ambaye hata jina lake hamjaniandikia.

Gentil aliniletea barua yako akabaki amesimama, hakuwasha pikipiki yake. Alikuwa anajua tangu mwanzo. "Mama Cindy, habari ya kifo haibebwake na motari. Njo mukubwa wa familia anaisema." Miezi tisa alikunywa chai yangu na habari ya Mama yangu mfukoni, kwa adabu.

Niliisoma pale pale barabarani. Nilipiga kelele mpaka watu wakatoka majumbani. Kisha nikaenda kwa Muhire. Alikuwa anamenya viazi vitamu, asubuhi hiyo hajanywa. Aliniona usoni, akakiweka kisu mbali, akakisukuma kwa mguu kikafika ukutani. Nikaokota kuni. Nilimpiga masikioni, mgongoni, kwenye ule mkono uliounga vibaya, nikisema jina la Mama kwa kila pigo. Hakuinua mikono. Damu ilikuwa inaingia machoni mwake naye hajifuti. Nilipochoka akasema, "Gatera ameandika." Halafu: "Nilijua, dada. Nilikuwa nakunywa njo nisijue. Sasa munanipunguzia, ninajua kila siku zaidi."

Michel alinitoa mle ndani. Mama Adelaïde alishona kichwa cha Muhire nyuzi saba, akaandika kitabuni: msindikizaji amempiga mgonjwa. Hakunitukana, na hilo liliniuma zaidi.

Kesho yake sikuenda. Siku ya pili sikuenda. Nilikaa jikoni nikisema ndugu yako umerudishiwa, Gatera, njoo umchukue umfunge, na nitakuja kukushikia kufuli. Niliandika barua ya kusema hivyo. Siku ya tatu akaja Tuyizere, yule wa Bisie, amevaa shati safi, akasimama mlangoni kama mtu aliyetumwa na serikali. "Mama Cindy, ulituambia mutu akikupiga, unarudia kesho. Sasa weye njo umemupiga. Haurudie?" Nilimfukuza. Hakwenda. Alikaa kwenye mawe ya uani akanisubiri mpaka nikavaa viatu, tukaenda pamoja, yeye mbele.

Tulimkuta Muhire kwenye kabare, amelewa, uso umevimba upande mmoja. Niliketi kwenye benchi lake. Sikumsamehe, usije ukaandika popote kwamba nimemsamehe. Niliketi tu, kwa sababu ilikuwa saa yake. Akauliza:

"Kule nyumbani balilia siku ngapi?"

Nikasema sijui, mimi pia sikuitwa.

"Miye walinifunga siku ya kwanza. Nilisikia nyimbo ya mazishi kwa ukuta. Sikulia. Niliogopa watasema, huyu analia nini." Kisha akanigeukia, na yale macho, Gatera, hayakuwa na wazimu hata kidogo. Ndiyo mara ya kwanza nimemwona mdogo wetu tangu aende porini. "Dada, njo miye nilimuua. Miko na haki ya kumulilia?"

Swali hilo nimempelekea Mama Adelaïde, akafungua kitabu. Kitabuni halimo. Nimemuuliza Michel, ametazama pembeni. Muhire ananiuliza kila nikifika, kwa adabu, kama mtu anayeomba ruhusa ya kuingia ndani ya nyumba, na nikimnyooshea kidonge kiganjani anaitikia kwa kichwa, anakimeza, anasema basi kesho.

Wewe ndiye mkubwa wa familia. Mimi siwezi kulijibu, wala sitaki jibu lako katika karatasi, kwa maana nimeona unavyoandika. Barua niliyosema nimeichoma. Shuka mwenyewe, umjibu mbele ya uso wake, ndiyo au hapana. Tangu nilipoisoma barua yako nimepiga kelele, nimempiga mtu, sijatoa chozi. Tuko wawili hapa, kaka, na wote wawili tunangoja ruhusa.

Mukundwa